Niemba: deni la 2016 lililolipwa bila kitabu

NIEMBA, teritware ya Kalemie. – Kila Jumanne mchana, jua likianza kupungua ukali, wamama ishirini na wawili na wababa watatu wanakaa kwa mviringo chini ya mwembe, si mbali na reli. Katikati kuna sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku lenyewe.

Kati ya wamama hao kuna mmoja anayeuza mawese na ndagala. Akisimama kuomba mkopo, watu hawamchokozi. Mwenzake akiomba franga elfu hamsini anaulizwa mpaka jasho linatoka: ya nini, utarudisha na nini, nani atakusimamia? Mama huyu anaomba elfu mia tatu, na sekretere anainama anaandika. Wanachama wapya wanadhani ana undugu na prezida wa kikundi. Hana. Prezida ni mtu wa upande mwingine kabisa, tena zamani waligombana juu ya mpaka wa shamba la mihogo.

Mama mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, kwa ajili ya habari za mume wake zitakazosomwa mbele kidogo. Inatosha kusema kwamba amepita miaka hamsini, ana watoto watano, na hesabu zake anazifanya kwa kichwa kabla kijana wa darasa la sita hajamaliza kutafuta kalamu.

Kikundi chao ni AVEC, kama vingine vingi vya jimbo la Tanganyika. Jina ni la Kifaransa, na maana yake ni chama cha kijiji cha kuweka na kukopesha. Watu walikuwa wanajua likelemba tangu zamani: kumi wanatoa, mmoja anabeba, juma lijalo zamu ya mwingine. AVEC imeongeza kitu. Mtindo wake ulianzia mbali, nchini Niger, mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliuanza pamoja na wanawake wa vijijini, halafu ukatembea Afrika nzima. Kila mkutano mtu ananunua sehemu, kuanzia moja mpaka tano, na kila sehemu inapigwa muhuri ndani ya kitabu chake. Anayetaka kukopa anaweza kupata mpaka mara tatu ya akiba yake, anarudisha ndani ya miezi mitatu pamoja na faida ndogo. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa ama mwaka, sanduku linamwagwa, kila mtu anabeba yake na faida yake, wanaanza tena. Hakuna benki nyuma yao. Pesa anayokopa mmoja ni akiba ya jirani aliyekaa pembeni yake.

Wakati wa fujo za 2016 kati ya Batwa na Baluba, mama huyu alikuwa na akiba ya franga elfu 40 kwenye kikundi cha kwanza, kile kilichokuwapo kabla ya hiki. Alikuwa amekopa mara tatu yake, elfu 120, akanunua mawese akijua kwamba bei itapanda mvua zikianza. Bidoni zilikuwa zimepangwa nyumbani kwake. Hazikuuzwa. Vijiji vingi kwenye barabara ya Kalemie na Nyunzu vilichomwa, watu wakakimbia na walichoweza kubeba kichwani, na wengi wakafika pembezoni mwa mji wa Kalemie, kwenye kambi kama Katanika na Kalunga. Mama alifika na watoto, sufuria mbili na kikwembe kimoja. Bidoni zilibaki. Vitabu vya kikundi vilibaki pia, na nyumba ya sekretere iliungua pamoja navyo. Sanduku halikuonekana tena, ingawa siku ile halikuwa na kitu kikubwa ndani, maana pesa karibu zote zilikuwa nje, mikononi mwa waliokopa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasema: sanduku lilipotea, basi pesa ilipotea. Lakini pesa haikuwa kwenye sanduku. Ilikuwa mawese, ilikuwa mbegu za karanga, ilikuwa chumvi na sabuni dukani. Ikipotea pale, anayeikosa si sanduku, ni yule mama aliyekuwa ananunua sehemu zake mbili kila juma na hakuwahi kukopa hata franga moja.

Mama alirudi Niemba 2018. Waliorudi walikuta majani yameota mpaka mlangoni, kama mlango ulikuwapo. Mwaka wa kwanza hakuna aliyezungumza habari ya kikundi. Watu walikuwa wanatafuta majembe, mbegu na maturubai. Mwaka uliofuata, wamama walipoanza kusema juu ya kununua sanduku jipya, swali likatoka lenyewe: na yale madeni ya zamani?

Wengi walisema vita ilifuta. Haikuwa hoja ya wizi. Ilikuwa na uzito wake. Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi na ndugu, umdai nini? Wengine walikuwa wameomba msamaha mbele ya baraza, zile kamati za upatanisho zilizoanzishwa baada ya mkutano wa amani wa Kalemie wa Februari 2017, na waliona kwamba msamaha ni msamaha, hauchagui. Zaidi ya yote, vitabu havipo. Nani atasema nani anadaiwa nini?

Mama alimwendea sekretere wa zamani nyumbani, jioni, bila kupeleka habari mbele. Sekretere ndiye anayesimulia. Alijaribu kukumbuka, akasema anadhani deni lilikuwa franga elfu mia moja.

“Hapana, yaya,” mama akamwambia. “Ilikuwa elfu mia moja na makumi mbili.”

Sekretere anasema alibaki ameshika kikombe. Miaka yote ile ya uandishi, hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha kwa kwenda juu.

Halafu wakafanya hesabu, na ni hesabu ya haki. Alidaiwa elfu 120, lakini elfu 40 za akiba yake nazo zilikuwa mali ya kikundi, kwa hiyo alichokuwa nacho cha wengine ni elfu 80. Wanachama waliorudi kijijini na ambao hawakuwa na mkopo walikuwa watatu, na akiba yao pamoja ilikuwa elfu 120. Mama alilipa mara nne katika mavuno mawili: kumi na tano, ishirini, ishirini na tano, ishirini. Wale watatu wakapata theluthi mbili ya walichoweka. Wakopaji wengine wawili waliorudi waliona jambo hilo likifanyika, wakanyamaza. Wapo mpaka leo, wanasalimiana na kila mtu.

Isidhaniwe kwamba kila mtu alipiga makofi. Mmoja wa wale watatu ni mjane aliyekuwa na akiba ya elfu 48. Alipata elfu 32. Na elfu 32 ya 2019 haikuwa ile ya 2016. Katikati ya 2016 dola moja ilikuwa karibu franga elfu moja. 2019 ilikuwa imepita elfu moja na mia sita. Mjane hakuwa na haja ya kuambiwa hayo na redio. Alisema mbele ya watu: “Niliweka mbuzi mzima, wamenirudishia miguu.” Tena kuna waliobaki Kalemie, na kuna waliokufa kambini, na hao hawakupata hata miguu. Mtu anaweza kusema mama angetafuta watoto wao. Anaweza kusema pia kwamba mama mwenyewe alikuwa analala chini ya turubai. Jambo hili halijaisha vizuri, na halipambwi hapa.

Lakini kikundi kipya kilipoanza, jina lake lilikuwa la kwanza kuandikwa.

Kwa watu wa mji, historia ya mkopo ni kitu cha kompyuta. Kenya kuna kampuni zenye ruhusa ya serikali zinazokusanya habari za wanaokopa, hata deni dogo la simu, na jina likiingia vibaya mtu anafungiwa milango kila mahali. Mwaka 2022 Rais William Ruto alitangaza kwamba mamilioni ya Wakenya waondolewe kwenye orodha ile ya wabaya, kwa maana ilikuwa imekamata watu wengi sana. Kongo, Benki Kuu iliyoko Kinshasa ina daftari lake, kwa Kifaransa Centrale des risques, ambamo benki zinapeleka habari za mikopo zinayotoa. Muuza mawese wa Niemba hayumo humo. Hajulikani vizuri wala vibaya, hayupo tu.

Niemba daftari ni watu. Maprezida wa vikundi wanakutana kisimani, kanisani, kwenye matanga. Mmoja anauliza, “Yule kijana wa pikipiki yuko kwenu?” Mwingine anajibu, “Yuko, na kwa mdogo wangu pia yuko.” Basi imeisha. Kijana huyo anajulikana na wote. Alijiunga na vikundi vitatu, kimoja kwa jina lake, kimoja kwa jina la bibi yake, kimoja kwa jina la kaka. Kwa miezi kadhaa alionekana mlipaji mzuri kuliko wote, hakukosa tarehe. Alikuwa anachukua huku analipa kule. Siku injini ya pikipiki ilipokatika, vikundi vitatu viligundua kwa juma moja kwamba vilikuwa vinakopeshana vyenyewe kwa vyenyewe kupitia mfuko wa suruali yake. Si mtu mbaya, na sehemu ya deni amekwisha lipa kwa kubeba mizigo. Lakini sasa anaomba kukopa, watu wanaangalia angani kana kwamba mvua inakuja.

Daftari la watu lina ubaya wake pia, na hapo inaingia habari ya mume.

Mume wa mama huyu si mvivu, ila tangu kambi hajakaa sawa. Alizoea kupita dukani, akachukua betri, sigara, sukari, na kumwambia mwenye duka: “Andika kwa mama.” Mwenye duka aliandika, kwa sababu kwa mama pesa inapatikana. Kwa muuza lutuku ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya kiangazi kimoja, mama alikuwa na deni la franga elfu 64 ambalo hakulila wala hakulinywa, na kwenye mkutano wa Jumanne mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini ya kusikika vizuri kwamba siku hizi hata wale wanaosifiwa wanadaiwa dukani.

Mama alilipa. Halafu alikwenda kwa mwenye duka na kaye yake mwenyewe, akaomba wafungue ukurasa mpya, wenye jina lake juu, na kwamba kitu chochote kisichokuwa na alama ya kidole chake si chake. Mwenye duka akakasirika kidogo. “Mama, mimi nitajuaje mambo ya nyumba yako?” Mama akajibu kwamba ndiyo sababu amekuja, ili asihangaike kuyajua. Kwa mume alisema nini, hilo limebaki ndani ya nyumba.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba sheria ya Kongo ilikuwa inamlazimisha mke kupata ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya namna hii, mpaka Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilipoiondoa ruhusa hiyo. Sasa bwana na bibi wanatakiwa kusikilizana wote wawili kabla ya mmoja kujifunga kwa jambo. Wakopeshaji wengi wameisoma nusu: mama akija kukopa wanamwuliza mume yuko wapi. Baba akisema “andika kwa mama,” hakuna anayetuma mtoto kumwuliza mama.

Mwezi wa kwanza ndio mwezi wa majaribu. Akiba ya chakula imeisha, mahindi mapya bado mabichi, na shule zinataka pesa. Shule ya msingi ya serikali hailipishwi tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipishwa, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana gharama za egzeta juu yake. Mtoto wa nne wa mama huyu alikuwa katika mwaka huo. Wafanyabiashara nao wanajua kalenda. Kuna anayekuja na pesa mwezi wa kumi na moja, anakununulia mahindi yaliyo shambani kwa bei yake, na mwezi wa pili anakuja na magunia matupu. Kuna yule ambaye Kongo nzima inamwita Banki Lambert, jina lililochukuliwa kwa benki ya Wabelgiji ya zamani ingawa hana benki wala dirisha. Unachukua elfu 50, mwezi ukiisha unarudisha 75, na kama huna, unaacha simu, radio, ama mabati.

Mwaka ule mama alikuwa na mkopo wa kikundi unaoishia katikati ya mwezi wa kwanza, na ndagala zake zilikuwa zimekwama Kalemie. Treni haikuja, na barabara ilikuwa matope. Kukopa kwa Lambert ili kulipa kikundi kwa tarehe ingelinda kitabu chake, muhuri ungepigwa mahali pake, hakuna ambaye angejua. Alifika mpaka mlangoni kwa mtu huyo, anasema, akasikia anavyoongea na mwanamke mwingine aliyekuwa ndani, akageuka.

Badala yake alikwenda kwa prezida majuma mawili kabla ya tarehe. Majuma mawili kabla, si siku mbili baada. Alieleza mzigo uko wapi, ni magunia mangapi, na akaomba kulipa faida peke yake tarehe ile, na mtaji mwezi unaofuata. Kikundi kilijadili. Yule wa mpaka wa shamba, yaani prezida mwenyewe, ndiye aliyesema akubaliwe, na iandikwe kwenye kitabu kwamba aliomba mapema. Iliandikwa. Ukurasa huo upo: tarehe ya kuomba, tarehe ya faida, tarehe ya mtaji, ambao ulilipwa siku nne kabla. Mtu anayejua kusoma vitabu vya namna hii angeuona huo kuwa ukurasa mzuri kuliko kurasa zote nyeupe za wale ambao hawajawahi kupata shida.

Shida ni kupata mtu anayejua kuvisoma.

Sasa mama anataka mashine ya kusaga. Wamama wa upande wake wa kijiji wanatembea mbali na mihogo mikavu kichwani, na anayemiliki mashine anapanga bei anavyotaka. Ametafuta mashine iliyotumika, ana karibu dola mia tatu zake, anakosa mia tano. Kikundi hakiwezi kumpa kiasi hicho bila kukausha sanduku, na yeye ndiye wa kwanza kusema kisimpe. Basi alipanda nyuma ya pikipiki akaenda Kalemie, na kitabu chake amekifunga ndani ya plastiki, na plastiki ndani ya kikwembe.

Ofisi aliyoingia ni ya mikopo midogo. Jina lake halina haja hapa. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwita mama, akampa kiti, akauliza karata ya uchaguzi, maana ndiyo kitambulisho cha wengi. Mama alikuwa nayo. Akauliza hati ya kiwanja. Mama ana kiwanja ambacho kila mtu anajua ni chake, kuanzia chifu mpaka mbuzi, lakini hati hana. Akauliza mdhamini. Akauliza maandishi ya akaunti ya miezi ya nyuma, namna pesa inavyoingia na kutoka. Hana akaunti.

Mama akafungua kikwembe, akafungua plastiki, akaweka kitabu mezani.

Afisa hakukisukuma. Alikifungua ukurasa kwa ukurasa, mihuri yote, mikopo kumi na moja, kumi na moja imelipwa. Alisimama kwenye ule ukurasa wa mwezi wa kwanza, akausoma mara mbili. Halafu akasema kwamba yeye binafsi angemkopesha. Lakini kwenye fomu yake hakuna mahali pa kubandika kitabu cha AVEC, na wakubwa wake hawamjui prezida wa kikundi wala mwembe.

Hiyo ni habari ya wengi, na si ya Niemba peke yake. Mtu amejenga jina kwa miaka, akivuka kilometa kadhaa anakuwa mtoto mchanga. Wamama wengine wangerudi nyumbani wakisema mji hauna watu. Tena wangekuwa na sababu ya kutoamini ofisi. Baba mkubwa wa mama huyu alikuwa mfanyakazi wa reli, ile iliyofika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, na ambayo ndiyo iliyoifanya Niemba iwe Niemba. Alikuwa na kitabu cha akiba chenye mihuri ya serikali, alikitunza kuliko katekisimu. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja, yaani elfu mia moja, ziligeuzwa kuwa franga moja. Aliye na hamu ya kuzidisha ataona kwamba franga moja ya kwanza ilikuwa zaire za zamani bilioni 300. Mzee alikufa na kitabu chake kisicho na deni hata la senti, na akiba yake isingenunua kiberiti. Mabenki na serikali navyo vina historia ya mkopo kwa wananchi, ila hakuna mwananchi anayeitiwa fomu.

Mama alijua habari ya mzee. Akauliza tu afisa: “Baba, nikitaka kuanza kwenu, naanza na nini?”

Jibu lilikuwa rahisi kuliko safari. Afungue akaunti kwa kiasi kidogo. Aweke kila mwezi, hata kama ni kidogo, bila kuruka mwezi. Elfu ishirini mara tatu ina maana kuliko elfu sitini mara moja. Asitoe yote siku ile ile ilipoingia. Baada ya miezi mitatu aombe mkopo mdogo, wa dola hamsini ama mia, hata kama hauhitaji sana, aulipe kwa tarehe. Hapo ndipo jina lake litaandikwa mahali ambapo ofisi nyingine inaweza kuliona. Halafu aje na habari ya mashine. Atunze kila karatasi. Na asimdhamini mtu asiyemjua vizuri, kwa maana deni la anayedhaminiwa likikwama linaandikwa kwa wawili.

Mama alifungua akaunti siku ile ile kwa pesa aliyokuwa ameweka ya nauli ya kurudi. Alirudi Niemba juu ya lori la mtu anayemfahamu, kwa ahadi ya bidoni ya mawese, na bidoni ilipelekwa siku ya tatu.

Miezi mitatu imepita. Mwezi wa pili alituma kwa simu, akitafuta mtandao juu ya kichuguu kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga; mwezi wa tatu alimpa mwanawe aliyekuwa anakwenda mjini, na akadai karatasi. Mkopo wa dola mia moja aliupata, akanunua chumvi na sabuni, akaurudisha siku mbili kabla. Sasa ameomba mia tano. Kilichobaki kilikuwa mdhamini mwenye kiwanja chenye hati, na Niemba watu wa namna hiyo wanahesabika.

Aliyejitokeza ni yule mjane wa miguu ya mbuzi. Mwanawe wa kwanza alinunua kiwanja Kalemie wakati wa kambi, na hati iko kwa jina la mama yake. Alikuja mwenyewe, hakuitwa, Jumanne baada ya mkutano, watu wakikunja mikeka. Alisema atatia kidole. Lakini akaweka sharti mbele ya sekretere, na sekretere akaliandika kwenye kitabu: mashine ikifika, mihogo yake itasagwa bure, kila juma, mpaka ile miguu iwe mbuzi tena.

Wamekwisha kubishana ni meka ngapi kwa juma. Jibu la Kalemie bado linangojewa.